Magari Mawili, Namba Moja

Sehemu ya tisa

Mlango wa ghala la unga haukujifunga wenyewe, kama wasomaji wawili watatu walivyonipigia simu kunieleza. Upepo hauna mazoea ya kusukuma komeo. Kuna mtu aliyeufunga, na mtu huyo alikuwa ndani, mgongo kwenye mbao, akimtazama mke wa dereva aliyebaki ameshika ncha ya turubai.

Chini ya turubai, kwa aliyekosa gazeti wiki iliyopita, kulikuwa na gari jeupe la kusambazia mkate. Namba zake zilikuwa zile zile za gari jeupe la mkate lililoegeshwa kituo cha polisi tangu Jumatatu, lile alilokamatwa nalo mumewe. Herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu.

Polisi walisema gari lenye namba hizo lilimgonga mwanamke mfagia barabara asubuhi na kukimbia. Mumewe alisema wakati huo alikuwa ng'ambo ya reli, akishusha mkate kwenye jiko la shule ya bweni. Mpishi wa shule akaja kusema ni kweli. Polisi wakamcheka mpishi, kwani gari moja haliwezi kuwa mahali pawili.

Sasa mke alijua kuwa linaweza.

"Ungeniuliza tu, shemeji," ilisema sauti ya mlangoni. "Ningekuonyesha mwenyewe."

Alikuwa kaka wa mumewe, mwenye kiwanda cha mkate na mwenye gari. Mtaa mzima ulimwita Hamira, kwa sababu kila alichogusa kilivimba: biashara, tumbo na majivuno. Alikuwa amevaa kanzu safi, na viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa unga.

Mke aliachia turubai. Taa moja ya mbele ilikuwa imevunjika. Kioo kilikuwa kimepasuka upande wa kushoto. Kwenye bampa kulikuwa na kipande cha kitambaa cha rangi ya machungwa, rangi ya vizibao wanavyovaa wafagia barabara ili madereva wawaone.

"Mume wangu yuko ndani kwa ajili ya gari hili."

"Mdogo wangu yuko ndani kwa bahati mbaya. Kaa tuongee kama watu wa nyumba moja."

"Sikai."

"Basi simama, lakini sikiliza." Hamira alifuta jasho. "Hili lilikuja bila kadi ya usajili. Nililipata kwa bei ya kutupa, na anayeuza kwa bei ile haulizwi limetoka wapi. Kulisajili? Ushuru peke yake ungeninunulia jingine. Halafu bima, halafu ukaguzi, halafu nenda rudi ya maofisini. Nikakaa nikawaza. Kadi ninayo, bima ninayo. Namba ni kipande cha bati tu, shemeji. Ukiwa na kimoja, kingine unachongesha."

"Mume wangu alijua?"

"Wewe peke yako ndiye hukujua."

Hapo mwanamke akakumbuka mambo. Kila asubuhi, kwa miaka mitatu, mumewe alikuwa akipiga simu kabla hajafika kwenye reli. Alisema neno moja tu, "Navuka," kisha akakata. Kumbe ndiyo iliyokuwa sheria ya magari yale: likiwa moja upande huu wa reli, jingine likae upande ule, na anayevuka amjulishe mwenzake ili wapishane bila kuonekana pamoja. Na yeye, maskini, aliwahi kumnunia mumewe wiki nzima, akidhani huko anakovukia kuna mwanamke.

Laiti angekuwa mwanamke.

"Naenda polisi," alisema.

"Nenda. Watakuuliza maneno ya ubavuni aliandika nani."

Mke wa dereva alikuwa fundi wa maandishi. Vibao vya maduka, milango ya saluni, ubavu wa malori, nusu ya mtaa ule ilisomeka kwa mkono wake. Alitazama ubavu wa lile gari. Jina la kiwanda, shada la ngano, kivuli chekundu nyuma ya kila herufi. Ilikuwa kazi yake.

"Uliniambia limepigwa rangi upya," alisema polepole. "Uliniletea gari lile lile mara mbili ndani ya mwezi. Nilikuuliza mbona umelipiga rangi mapema hivyo, ukasema mafuta ya kukaangia yalimwagika."

"Nilisema. Na ukaandika. Mbele ya hakimu, nani atakubali kuwa mke wa dereva aliandika magari mawili akadhani ni moja?"

Mke alikuwa na watoto wawili shuleni, na wote walilipiwa kwa brashi ile.

"Tulia," Hamira alimwambia kwa upole. "Yule mama yuko hospitali. Atapona. Tutaenda kwa ndugu zake, tutaomba radhi, tutagharimia matibabu. Mdogo wangu atatozwa faini, atarudi nyumbani. Kesi ya kuumiza ni kesi ndogo."

Simu yake ikalia. Alisikiliza bila kujibu. Kisha akakaa juu ya gunia la unga, na lile tumbo lote likaonekana kama limepungua.

"Amefariki," alisema.

Mimi ninayewasimulia nina hasira na jambo moja, na leo nitalisema. Katika ghala lile watu wawili walisimama mbele ya kipande cha kizibao cha marehemu, na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Alikuwa ameifagia barabara ile tangu ilipowekwa lami. Madereva wote walimjua kwa mgongo.

"Basi si kesi ndogo tena," alisema mke.

"Si ndogo."

"Watampeleka mahakamani lini?"

"Mchana huu." Hamira alikuwa tayari anatafuta namba nyingine kwenye simu. Aliongea bila kujificha, mbele ya mwanamke, kama anayeagiza magunia. "Fundi? Njoo na mtungi wa gesi. Ndiyo, lile. Leo leo. Nataka jioni liwe vipande."

Mke wa dereva alielewa vizuri. Gari lile likikatwa, ushahidi pekee kwamba mumewe alikuwa shuleni utakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Atabaki na maneno ya mpishi anayechekwa.

Hamira akasimama, akavuta komeo, akamfungulia mlango. "Nenda kamwone mumeo kabla hawajamchukua. Mpe salamu zangu."

Hamira hakuwa mtu wa kumfungulia mwenzake mlango bure. Lakini mwanamke alikuwa na haraka.

* * *

Kituoni wanaruhusu dakika chache, na kati ya mgeni na mahabusu kuna wavu wa chuma uliopakwa rangi mara nyingi hadi matundu yamekaribia kuziba. Mumewe alikuja akiburuza miguu, viatu havina kamba. Ndevu zilikuwa zimemwota.

Alimtazama mkewe mara moja tu, akajua.

"Umeliona," alisema.

"Nimeliona."

"Umemwambia nani?"

"Bado. Naingia kwa afande wa kesi yako sasa hivi, nakwambia kwanza wewe."

"Usiingie." Alisogea hadi paji lake likagusa wavu. "Mama watoto, nakuomba. Rudi nyumbani."

"Yule mama amekufa, baba."

Hakuwa ameambiwa. Vidole vyake vikaingia kwenye matundu ya wavu, vikabaki pale. Polisi wa zamu alikuwa akijipigia mluzi.

"Lini?" aliuliza.

"Leo. Wewe hukumgonga, na mimi najua, na kaka yako anajua, na gari liko kule linamsubiri fundi alikate. Sasa niambie kwa nini nirudi nyumbani."

"Niache nibebe hili."

"Kwa ajili ya kaka yako? Yeye ndiye alikuwa akiendesha?"

Mumewe alitoa kicheko kikavu. "Kaka hajashika usukani tangu tumbo lianze kugusa honi."

"Basi nani?"

Akageuza uso. Mkewe aliwahi kumwona akificha mambo madogo, deni la sigara, mshahara uliochelewa, na siku zote alikuwa mwongo mbaya. Hakuwahi kumwona anaficha jambo kubwa hivi.

"Mdogo wako anakula?" aliuliza ghafla.

"Nani?"

"Mdogo wako. Anakula?"

"Hali. Tangu ukamatwe amelala sebuleni, kajifunika. Nadhani anakuhurumia."

"Mpikie uji. Usimwache peke yake. Na asitoke nje, umenisikia? Asitoke kabisa mpaka mimi..."

Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza. Mke wa dereva akashika wavu. Vidole vyake vilikuwa upande huu na vya mumewe upande ule.

"Yeye anakanda unga," alisema. "Kaka yako alimpa kazi ya kukanda unga. Mimi ndiye niliyekwenda kumbembeleza ampe."

"Alikanda mwezi mmoja. Kisha kaka akampa ufunguo."

"Mwaka mzima mmenificha?"

"Alifurahi mno kuendesha. Sikutaka umkataze." Mumewe aliongea kwa sauti ndogo sasa, haraka haraka. "Mama yenu alipokuwa anakata roho alinishika mkono huu, si mkono wako. Alisema nimtazame kijana wake. Wewe ulikuwepo. Mimi nikifungwa nitarudi, nina kifua cha kuvumilia. Yeye hana kifua. Atafia humu ndani."

"Na watoto wako?"

"Watoto wana mama."

"Dakika zimekwisha," alisema polisi wa zamu, na hakuwa na ubaya wowote. Alimwongoza mumewe kwa bega, taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa.

* * *

Mdogo wake alikuwa pale pale kwenye kochi, uso ukutani. Mwanaume wa miaka ishirini na kitu, mwenye bega pana, aliyejikunja hadi shuka lilimtosha mara mbili. Simu yake ilikuwa sakafuni, kioo kimelala chini, inanguruma. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Nani anakupigia?"

"Hakuna mtu, dada."

Dadake alivuta shuka. Akalivuta lote, akalitupa.

"Yule mwanamke amekufa."

Kijana alikaa. Macho yalikuwa yamevimba. Alimtazama dadake kama alivyokuwa akimtazama zamani, alipokuwa amevunja kitu na dada ndiye wa kumsemea kwa mama.

"Shemeji amekwambia?" aliuliza.

"Mume wangu hajasema jina lako. Mpaka dakika hii hajalisema. Sema wewe."

Alisema. Aliongea akiangalia magoti yake, na dadake hakumkatiza.

Alikuwa anashuka barabara ya soko, mkate umejaa, hana haraka yoyote. Mbele, kwenye mzunguko, akaona askari wa barabarani wameweka kizuizi. Wanakagua kadi, bima na namba ya chesi, ile iliyopigwa kwenye chuma cha chini ya gari. Siku zote Hamira alimwambia: wakiangalia namba ya nje hakuna shida, wakiinama kuangalia chesi umekwisha, na mimi sikujui. Akaona askari mmoja anainama. Akakata kona ya kwanza aliyoiona bila kuwasha taa, akakanyaga mafuta, akawa anaangalia kioo cha nyuma kama wanamfuata.

"Walikufuata?"

"Hapana. Hata hawakuniona."

"Na yeye?"

"Alikuwa mbele. Alikuwa ameinama anazoa taka. Nilisimama, dada. Wallahi nilisimama. Nilishuka nikamfikia. Alikuwa hai. Alinishika suruali, akaniambia nimpeleke hospitali."

"Hukumpeleka."

"Ningempeleka kwa gari lipi? Halina kadi, halina bima, namba zake ni za gari jingine. Hospitali wanaandika namba getini. Nilifikiri mtu mwingine atapita. Nikamtoa vidole kwenye suruali, kimoja kimoja."

Dadake alikwenda kusimama dirishani. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Alimlea huyu. Alimwogesha, akamfundisha kusoma kwa vibao vya maduka, akamsifia kwa rafiki zake wote ili mmoja akubali kuolewa naye. Hata sasa, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kilichomjia ni kwamba kijana hajala.

Halafu akawaza vidole vya mumewe kwenye wavu.

Wapo mtakaoniandikia kuniambia damu ni damu. Niandikieni. Mimi nilikuwa naye dirishani pale, na nawaambia alipasuka katikati. Alipogeuka alikuwa amekwisha kuchagua, na uchaguzi huo ulimuuma.

"Vaa shati," alisema. "Utakwenda kusema mwenyewe. Ukisema mwenyewe wataona una utu. Nitakuletea chakula kila siku watakayoruhusu. Nitauza kila kitu nitafute wakili. Lakini mume wangu hafungwi kwa ajili yako."

Simu ikanguruma tena sakafuni. Kijana aliitazama, akamtazama dadake.

"Sawa, dada. Nitasema."

"Utaapa?"

"Naapa kwa mama."

"Basi tangulia. Nisubiri getini pa kituo. Maneno matupu hawatayaamini, wamemcheka mpishi, watakucheka na wewe. Mimi nalifuata gari kabla halijakatwa."

Alimkumbatia. Kijana alinuka jasho la siku nyingi. Aliganda mikononi mwake, hakurudisha mikono, na dadake akadhani ni hofu.

* * *

Fundi wa kuchomelea alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani myeusi iliyopandishwa kwenye paji, amekaa juu ya mtungi wake wa gesi anavuta sigara, jambo ambalo mwenye akili halifanyi. Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Hamira hakuwepo.

"Hujaanza?" aliuliza mke wa dereva.

"Nimeambiwa nisubiri simu."

"Simu ya nini?"

"Mwanangu, mimi nalipwa kukata. Kuuliza kuna watu wake."

"Hili gari limeua mtu."

Mzee akashusha sigara. Aliangalia taa iliyovunjika, akaangalia bampa. Alisimama, akaanza kukunja mpira wake wa gesi bila neno.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Sijaliona gari, na wewe sijakuona."

Alipotoka, mwanamke alifungua mlango wa dereva. Ufunguo ulikuwa umechomekwa. Tangi lilikuwa na mafuta. Hata lile turubai lilikuwa limeondolewa na kukunjwa vizuri pembeni.

Wewe unayesoma ungejiuliza. Hata mimi ningejiuliza. Lakini sisi tumekaa kwenye viti, na mume wetu hapelekwi mahakamani mchana huu. Yeye alipiga moyo konde, akakaa, akawasha. Alizoea kusogeza magari ya watu uani kwake anapoyaandika, malori hata, kwa hiyo usukani haukumtisha. Kilichomtisha ni kiti. Kilikuwa kimevutwa mbele kumfaa mtu mfupi kama yeye, na mdogo wake alikuwa mrefu. Alifikiri fundi ndiye aliyekisogeza, akaliacha wazo hilo lipite.

Aliendesha katikati ya mji, kioo kimepasuka, taa moja haipo. Watu wa soko waligeuka. Mwuza viatu mmoja alinyoosha kidole kwenye namba, kwa kuwa redio ilikuwa imetoka kuzitaja pamoja na habari ya kifo. Kwenye mzunguko askari wa barabarani alimpungia mkono asimame. Hakusimama. Pikipiki ya polisi ikaja nyuma yake, na yeye akashukuru, maana walikuwa wanakwenda mahali pamoja.

Aliingia getini, akaegesha ubavuni mwa lile gari jingine.

Uwanja wote uligeuka kutazama. Magari mawili meupe, mashada mawili ya ngano, namba moja. Karani mmoja alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi, akasahau kunywa.

Getini mdogo wake hakuwepo.

Mpelelezi wa kesi ile alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, asiyependa kurudia swali. Alishuka ngazi bila haraka.

"Zima," alisema. "Nipe ufunguo."

"Afande, hili ndilo gari. Mume wangu alikuwa shuleni, kama mpishi alivyowaambia. Magari yalikuwa mawili."

"Najua."

"Mnajua?"

"Tumeambiwa leo. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Hapo ndipo alipomwona Hamira. Alikuwa barazani, kwenye benchi la wageni, kitambaa cheupe kimebanwa machoni. Kando yake alikaa wakili mwenye mkoba.

"Nilimpa mdogo wangu gari ale yeye na mkewe," Hamira alikuwa akimweleza kila anayepita. "Kumbe wakatengeneza la pili nyuma ya mgongo wangu. Wakalificha kwenye ghala langu. Mke ndiye fundi, aliliandika mwenyewe, na siku mume akiwa shuleni, mke analiendesha. Nimeaibika, ndugu zangu. Nimeaibika."

"Muongo," alisema mke wa dereva. Hakupaza sauti. "Afande, aliyeendesha hili ni mdogo wangu. Muulizeni. Amekuja hapa kusema mwenyewe."

Alisikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, na alijua kuwa hatayarudisha tena.

"Amekuja," alisema mpelelezi. "Ameshasema. Kijana, toka nje."

Mdogo wake alitokea mlangoni. Alikuwa amevaa shati, kama dadake alivyomwambia. Alisimama nyuma ya bega la wakili.

"Rudia uliyotueleza," alisema mpelelezi. "Jumatatu, nani alikuwa kwenye usukani wa gari hili?"

Kijana alitazama sakafu ya baraza. Hamira alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayekumbusha.

"Dada," alisema kijana.

"Mtazame."

Hakumtazama. "Alikuwa dada. Alinipigia akilia, akaniambia amegonga mtu. Akaniambia nikubali mimi."

Kiti kilichosogezwa, ufunguo, mlango uliofunguliwa, fundi anayesubiri simu, simu iliyonguruma sakafuni kwa kijana. Vyote vilimjia mwanamke kwa mpigo, akiwa amesimama mbele ya uwanja mzima, mikono yake ikiwa na jasho la usukani ule. Angeweza kumkimbilia mdogo wake amkabe. Angeweza kupiga magoti. Alibaki anamwangalia utosi, nywele anazozinyoa yeye kila mwisho wa mwezi.

"Nilikwambia nitakuletea chakula," alisema tu.

Kijana akaanza kulia, lakini maneno hakuyaondoa.

Mpelelezi alimshika mwanamke mkono, juu ya kiwiko. "Twende ndani, mama."

"Afande."

Sauti ilitoka upande wa pili wa uwanja. Gari la mahabusu lilikuwa limefunguliwa mlango wa nyuma tayari kwenda mahakamani, na kwenye ngazi yake alisimama dereva wa mkate, pingu mikononi, polisi mmoja kila upande. Alikuwa amesikia yote. Tangu Jumatatu alikuwa ameulizwa asubuhi, mchana na jioni, na kila mara alijibu kwamba alikuwa shuleni.

"Mwacheni mke wangu," alisema. "Hajui kitu. Mpishi wa shule nilimhonga. Niliyekuwa nikiendesha ni mimi, na yule mama nilimwona, na sikusimama."

"Baba, usiseme hivyo," alisema mkewe. "Usiseme, nimekuja kukutoa. Nimelileta gari."

"Nenda kawachukue watoto shule," alimwambia. Kisha akamgeukia mpelelezi. "Andika, afande. Nitatia sahihi."

Mpelelezi aliuachia mkono wa mwanamke, akatoa kalamu mfukoni.